Bad Grandpa au Impractical Jokers, ipi inavunja mbavu?
Zote ni filamu za kuwafanyia watu utani kwa kamera zilizofichwa, zimetoka kwenye vipindi vya TV vya Marekani, ila mi naona Bad Grandpa ya 2013 iko mbali. Johnny Knoxville anapakwa mekapu anakuwa babu wa miaka 86 anayezunguka na mjukuu, halafu ile sini ya mazishi, jeneza linapinduka maiti inadondoka chini mbele ya watu wanaodhani ni msiba kweli, yani sura zao tu zinatosha kukuua, na mekapu yenyewe iliteuliwa Oscar, si mchezo. Impractical Jokers ya 2020 ni washkaji wanne wanaambiana cha kusema kupitia kidude cha sikioni, unacheka ndio, lakini stori ya safari ya Miami imechomekwa tu, bora hata ucheki kipindi chenyewe.