Picaflor wa Juan Fernández: kung'oa magugu au kupanda miti asili?

Huyu ndege mvumaji anaishi kisiwa kimoja tu duniani, Robinson Crusoe, Chile, kama kilomita 670 kutoka bara, dume rangi ya kutu, jike kijani na mweupe, na wako hatarini kabisa kutoweka. Kila wapenzi wa ndege wakikutana swali ni lile lile, hela iende kung'oa magugu au kupanda?

Kwa gharama, kupanda kunaanza rahisi, miche michache na watu wa kujitolea basi. Kung'oa zarzamora (kichaka cha kigeni, gugu kuu la kule) ni kazi ngumu, ina miiba, iko kwenye makorongo, na ukiacha mizizi inachipua tena, kwahiyo matunzo yake hayaishi leo wala kesho.

Ila kwa uhakika mi naona kung'oa kunashinda, maana zarzamora na maqui (gugu lingine) zinafunika miche ya luma, mti wa asili wa kisiwa hicho, na luma ndo ndege huyu anapojenga kiota. Unapanda mche mzuri halafu gugu linaumeza, inauma sana.

Kupanda kunashinda San Juan Bautista, kijiji cha kisiwa hicho, maua ya kabichi-mti wa kule (Dendroseris) ndege hawa wanayapenda mno. Shida ni paka! Maua yanamleta ndege chini karibu na bustani na paka yupo pale pale.

So kama unachangia mradi wa muda mrefu wenye watu msituni, toa kwa kung'oa. Kama wewe ni mkazi una uwanja, panda, ila paka wako akae ndani.