Kuku wa mayai mwenye ini la mafuta: kolini au betaini?

Mfugaji wa Nakuru akikuta kuku mnene, aliyekuwa akitaga vizuri, amekufa ghafla na upanga wa kichwani umepauka, ampasue. Ini likiwa la manjano na linameguka kidoleni, damu imeganda tumboni, basi ni ini la mafuta. Inauma, maana mara nyingi huondoka wale wanaotaga sana.

Kolini, kirutubisho kinachoongezwa kwenye chakula cha kuku, ndiyo malighafi ya lesithini, kitu kinachosaidia kubeba mafuta mwilini, na bila lesithini mafuta hayatoki kwenye ini kwenda kwenye yai. Betaini, nayo ni kirutubisho cha kuongeza, hutoka kwenye mimea, hasa viazisukari vya Ulaya (sugar beet), si viazi vitamu. Haiwezi kugeuka lesithini. Kazi yake ni kutoa methili, kipande kidogo cha kemikali ambacho mwili ungekichukua kutoka kwenye kolini, ili kolini isitumike ovyo.

Kwa hiyo mimi naanza na kolini. Ila kolini kloridi, aina ya kolini inayouzwa, hunyonya unyevu na kuharibu vitamini ikikaa nazo kwenye mchanganyiko mmoja; betaini haiharibu vitamini hivyo, tena husaidia seli kushika maji. Kwa joto la Kisumu ningeiongeza. Lakini kabla ya kuongeza chochote, mahindi yakiwa yamezidi kwenye chakula, yapunguze kwanza.