Siku moja Lisbon kutoka melini: Belém na Alfama, uzoefu wangu

Kama meli yenu inapita Lisbon, mji mkuu wa Ureno, na wewe ni mtu wa pwani yetu, chukua matembezi yanayoingia ndani ya kanisa la Jerónimos, lenye kaburi la Vasco da Gama. Yale ya kuzungushwa mji mzima huku umekaa kwenye basi waachie wengine. Mimi nilikwenda na mamangu, aliyekuja kututembelea Uingereza kutoka Mombasa, na kati ya miji yote tuliyoshuka katika safari ile, huu ndio anaousimulia kwa kila mgeni.

Bandari yenyewe inarahisisha mambo. Jengo la abiria la Santa Apolónia, lililofunguliwa mwaka 2017, liko chini tu ya mtaa wa kale wa Alfama, kwa hiyo hamna safari ndefu ya barabarani kama ya wanaoshukia Civitavecchia wakitaka kuiona Roma. Tulibandikwa stika yenye nambari ya basi, tukapewa kifaa cha kusikilizia cha kuvaa sikioni, tukaambiwa saa ya kurudi. Kifaa hicho kilitufaa sana. Mama hutembea polepole, na hata kundi lilipotutangulia, sauti ya mwongozaji tulikuwa nayo.

Kituo cha kwanza kilikuwa Belém, mtaa wa Lisbon ulio kando ya mto, na hapo ndipo pesa yangu ilipofanya kazi. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500, na sehemu kubwa ya gharama ilitokana na ushuru wa asilimia 5 kwenye biashara ya Afrika na Mashariki. Ukiingia mlangoni, kushoto kuna kaburi la Vasco da Gama, na kulia la mshairi Camões. Sanamu ya Vasco imelazwa chali juu ya kaburi, viganja vimekutana kifuani kama mtu anayeomba, na ubavuni wamechonga meli yenye matanga. Mwenyewe alifia India mwaka 1524, lakini mabaki yake hayakuwekwa hapa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1800.

Mwongozaji wetu, mama wa makamo mzaliwa wa mji huo, alieleza jinsi msafara ulivyoondoka Belém Julai 1497, ukazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kisha ukafika Calicut, India, moja kwa moja. Mamangu akanivuta mkono. "Muulize, mwanangu. Mbona Mombasa na Malindi hazitaji?"

Nikauliza. Mwongozaji angeweza kunijibu kwa neno moja akaendelea na safari yake, na wengi wangefanya hivyo, maana kundi lilikuwa kubwa na muda unakimbia. Hakufanya hivyo. Aliwasimamisha watu wote palepale kando ya kaburi akaeleza kwamba Aprili 1498 Vasco alifika Mombasa, pande mbili zikatiliana shaka, akaondoka. Malindi mfalme alimpokea, na huko ndiko alikopata rubani aliyemvusha hadi India kwa muda usiofika mwezi. Akasema jina la Ahmad ibn Majid hutajwa sana kuwa ndiye rubani huyo, ila wanahistoria wengi wa leo hawalikubali. Halafu, bila kuulizwa, akaongeza habari za 1505: kikosi cha Wareno chini ya Francisco de Almeida kiliipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Alisema hayo ndani ya kanisa lao, mbele ya kaburi la shujaa wao, wala hakupunguza sauti.

Mama naye akataka kuchangia, nami nikawa mkalimani. Akamwambia kwamba nguzo ya Vasco ipo Malindi hadi leo, kando ya bahari, na msalaba ulio juu yake ni wa jiwe lililotoka Lisbon. Hilo la jiwe mwongozaji hakulijua. Akaliandika kwenye simu yake, akawatangazia wote kwenye vifaa vyao. Mtu aliyekua akipita chini ya kuta za Fort Jesus kila siku ana haki ya kusikia habari zake zikitajwa kule meli zile zilikotoka, na mamangu alipewa haki hiyo.

Mnara wa Belém tuliuona kwa nje tu, ikatosha. Karibu yake kuna mnara mwingine wa ukumbusho wa mabaharia, wa 1960, wenye urefu wa mita 52, na sakafuni mbele yake ramani ya dunia ya mawe inayoonyesha njia za meli zao. Usiipite mbiombio.

Kilichoniudhi ni duka. Tulishushwa kwenye duka la mikoba ya gome la mti na vigae vya kuchorwa, hakuna aliyelazimishwa kununua, lakini muda ule ulikatwa kwenye Alfama. Na Alfama haifai kukimbiliwa. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 liliuangusha mji mwingi wa chini, ndiyo maana mitaa ya kule imenyooka. Alfama ilinusurika kwa kiasi kikubwa, ikabaki na vichochoro vyake vyembamba kama vya Mji wa Kale kwetu. Mama alitaka kukaa kibarazani apumzike, tukaambiwa basi linangoja. Waandaaji wangeliacha duka lile, wageni wangefurahi zaidi.

Kwa wanaojipanga: mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ili kushuka Lisbon, na kampuni nyingine za meli hukataa kukupandisha bila viza hiyo hata ukisema utabaki ndani. Matembezi ya meli yalikuwa ghali kuliko ya kujitafutia mjini, ila basi la meli likichelewa meli huwangoja watu wake; ukitoka kivyako hakuna wa kukungoja. Kwa safari na mtu mzima nililipa bila kinyongo. Njia za Lisbon zimetandikwa vijiwe vyeupe vinavyoteleza hata pakiwa pakavu, na vilima haviishi, kwa hiyo viatu viwe vya soli ya mpira, na mzee aombewe kiti cha mbele kwenye basi.

Kuhusu chakula, vitobosha maarufu vya krimu ya mayai huuzwa kila kona, na duka la Belém linavioka tangu 1837. Waislamu waulize kwanza, kwa sababu baadhi ya vitamu vya Kireno vya jadi hutiwa mafuta ya nguruwe. Chakula cha halali utakipata mtaa wa Martim Moniz, si mbali na gati kwa miguu, kwenye migahawa ya Wabangladeshi. Matembezi yetu hayakufika huko. Tulikwenda wenyewe baada ya kurudishwa bandarini, tukala wali na samaki, tukawahi meli bila haraka.