Nishani Isiyoonekana Kwenye DD 214: Tathmini ya Huduma za Kurekebisha Rekodi za Jeshi la Marekani

Karatasi iitwayo DD 214 humfuata mwanajeshi wa Marekani maisha yake yote baada ya kuvua sare. Anaionyesha hospitali za Idara ya Wanajeshi wa Zamani, yaani VA, anaionyesha akiomba mkopo wa nyumba au kazi ya serikali, na familia yake huionyesha siku ya mazishi ili apewe heshima za kijeshi. Kwenye fomu ya sasa, kisanduku cha 13 ndicho kinachotaja nishani, beji na tepe zake. Kikiwa na pengo, serikali humchukulia kama mtu ambaye hakuzipata.

Wakenya, Wakongo, Watanzania na Waganda wamelitumikia jeshi hilo, na wengi wao waliondoka kambini wakiwa na haraka ya kurudi kwa familia. Karani alichapa, mwanajeshi akatia sahihi, na pengo likaja kuonekana miaka baadaye. Tathmini hii ni kwa ajili yao, na kwa wajane na watoto wanaofuatilia haki ya marehemu. Kwa ufupi: huduma zenyewe ni za bure na zinatenda haki, ila hakuna ofisi itakayokutafutia ushahidi unaokosekana. Anayekusanya ushahidi kabla ya kujaza fomu hufanikiwa mara nyingi zaidi kuliko anayetanguliza fomu.

Anza na faili, wala si malalamiko. Faili kamili la utumishi huombwa kwa fomu SF 180, au kupitia tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa (National Archives), kutoka kituo cha kumbukumbu za wanajeshi kilichopo St. Louis, Missouri. Waliotoka jeshini miaka ya karibuni wanaweza kuomba faili la kielektroniki kupitia milConnect, tovuti ya rekodi za wanajeshi. Kosa la kawaida ni kuomba nakala ya DD 214 peke yake. Hiyo ndiyo yenye kasoro, haiwezi kujisahihisha. Omba faili zima, pamoja na rekodi za matibabu, na uandike jina ulilolitumia ukiwa jeshini. Hapa ndugu zetu hukwama sana: jina la tatu liligeuzwa kuwa la ukoo, au jina lilibadilishwa siku ya kuapishwa uraia, na msakaji wa faili haoni kitu. Andika majina yote mawili na uambatishe hati ya mabadiliko.

Kituo cha St. Louis kinastahili sifa kwa kutotoza ada kwa mwanajeshi mwenyewe na ndugu wa karibu, isipokuwa kwa mafaili ya zamani. Faili likifikisha miaka 62 tangu mwenyewe atoke jeshini huhesabiwa kuwa kumbukumbu ya umma, na nakala zake hulipiwa: dola 25 kwa kurasa zisizozidi tano, dola 70 kwa kurasa sita au zaidi.

Kuna jeraha moja ambalo kituo hiki hakitapona. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliunguza ghorofa ya juu ya jengo lake la wakati huo na kuteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Asilimia 80 ya mafaili ya Jeshi la Nchi Kavu ya waliotoka kati ya Novemba 1912 na Januari 1960 yalipotea, na asilimia 75 ya mafaili ya Jeshi la Anga ya kati ya Septemba 1947 na Januari 1964, kwa majina yanayofuata Hubbard, James E. kwa mpangilio wa alfabeti. Nakala hazikuwepo. Jibu la kwamba faili liliungua lisikukatishe tamaa. Jaza fomu NA 13055 ili kituo kijaribu kuliunganisha upya kutokana na vyanzo vingine: hati za malipo ya mwisho, orodha za kulazwa hospitalini, na ripoti za asubuhi za kombania.

Hizo ripoti za asubuhi ni hazina. Kila kombania iliandika kila siku nani ameingia, nani ametoka, nani amepelekwa hospitali. Mstari mmoja wenye jina, namba na vifupisho vinavyosema askari ametoka kazini kwenda hospitali, ukiwa na tarehe ile ile ya shambulio, umewahi kutosha kubeba ombi zima. Ili ipatikane, taja kombania, kikosi, na kipindi kisichozidi miezi mitatu. Ukiandika "mwaka 1951, Korea", hakuna atakayeweza kukusaidia.

Ukishapata faili, jiulize swali moja ambalo ndilo linaloamua mlango: je, nishani hii ilikwisha kutolewa, au ilistahili kutolewa lakini haikutolewa kamwe?

Kama ilitolewa, yaani kuna amri yenye namba, tarehe na jina lako, au kanuni inaipa moja kwa moja kila aliyekuwa mahali fulani kipindi fulani, basi hauhitaji kufika kwenye bodi ya marekebisho ya rekodi. Hili ni pengo la uchapaji. Peleka barua na nakala za ushahidi kwa ofisi ya nishani ya tawi lako: Jeshi la Nchi Kavu ni Fort Knox, Kentucky, Jeshi la Majini ni Millington, Tennessee, Marine ni Quantico, Virginia, Jeshi la Anga ni kituo chake cha utumishi San Antonio, Texas. Wao hutoa DD 215, karatasi inayoambatana na DD 214 na kuisahihisha. DD 214 yenyewe haiandikwi juu yake. Yeyote atakayekuahidi "DD 214 mpya iliyosafishwa" kwa malipo, mkimbie. Walinzi wa Taifa (National Guard) wana karatasi yao, NGB 22, na rekodi zao nyingi zipo kwenye makao ya jimbo walilolitumikia, kwa hiyo waanzie huko.

Huu ndio mlango tunaoupa alama ya juu. Kazi yake ni kulinganisha karatasi na kanuni, na kanuni zenyewe ziko wazi. Kwa askari wa Vietnam, tazama kijitabu cha jeshi DA PAM 672-3 kinachoorodhesha sifa zilizopewa vikosi. Wengi hawajui kwamba amri ya mwaka 1974 iliwapa wanajeshi wa Jeshi la Nchi Kavu waliokuwa Vietnam sifa ya kikosi ya Msalaba wa Ushujaa wenye kuti la mtende. Nishani ya Huduma ya Vietnam nayo huongezwa nyota ya shaba kwa kila kampeni, na kampeni zilikuwa 17. Linganisha tarehe zako za kuingia na kutoka na tarehe za kampeni, kisha hesabu nyota. Makarani wengi waliandika nishani tupu.

Kwa waliokwenda Iraq na Afghanistan, pengo la kawaida ni jingine. Nishani za kampeni za nchi hizo mbili ziliundwa Novemba 2004. Aliyerudi mapema alipewa ile ya jumla ya vita dhidi ya ugaidi, na anaweza kuomba ibadilishwe, ila hawezi kupata zote mbili kwa kipindi kile kile. Beji ya Mapambano ya Jeshi la Nchi Kavu ilianzishwa Mei 2005 lakini inarudi nyuma hadi Septemba 2001, hivyo dereva wa msafara aliyepigwa risasi Baghdad mwaka 2003 na kutoka jeshini 2004 hakuwa na namna ya kuiona kwenye DD 214 yake. Hii haiingii yenyewe, ataomba kwa maelezo na mashahidi.

Nishani ya Mwenendo Mwema pia husahauliwa. Kama ulitimiza muda, alama zako za mwenendo ni nzuri, na faili halina barua ya kamanda ya kukunyima, ombi lako lina nguvu. Na familia za askari wa Vita Vikuu vya Pili waangalie kama marehemu alipewa beji ya askari wa miguu au ya mganga vitani kati ya 7 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945. Beji hiyo pekee inampa haki ya nishani ya Nyota ya Shaba (Bronze Star), ambayo si ile nyota ndogo ya kampeni.

Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa au kuuawa na adui, inastahili kuzungumziwa polepole, kwa sababu ndiyo inayoombwa sana na kukataliwa sana. Vitu vitatu lazima vithibitike kwa pamoja: jeraha lilitokana na adui, lilihitaji matibabu ya mganga wa jeshi, na matibabu hayo yaliandikwa rasmi. Maombi mengi hufa kwenye kitu cha kwanza. Mtu ana karatasi ya hospitali inayosema mguu ulivunjika, lakini haisemi kama ni bomu au gari lililopinduka. VA inaweza kumlipa ulemavu kwa mguu huo huo, na bado bodi ikasema hilo halithibitishi mkono wa adui, kwa kuwa VA huangalia kama jeraha lilitokea kazini, basi. Kwa askari wa Vietnam fungua DA Form 20, kadi ya utumishi, uangalie sehemu ya 40 ya majeraha na ya 41 ya nishani. Tafuta jina katika orodha ya majeruhi. Uliza nyumbani kama simu ya maandishi iliyopelekwa kwa wazazi bado ipo. Familia nyingi huihifadhi pamoja na picha bila kujua thamani yake kisheria. Halafu tafuta wawili waliokuwepo waandike hati za kiapo, kila mmoja kwa maneno yake. Hati mbili zenye sentensi zile zile humfanya msomaji aamini mtu mmoja tu ndiye aliyeandika.

Nishani hii inabeba manufaa halisi. Mwenye nayo huwekwa kundi la tatu la kipaumbele kwenye matibabu ya VA, na aliyeipata kwa utumishi wa tangu 11 Septemba 2001 na kutoka kwa heshima hupata asilimia 100 ya msaada wa masomo wa GI Bill, bila kujali alitumikia muda gani.

Sasa upande wa pili: nishani ya ushujaa iliyostahili lakini hakuna aliyeipendekeza, au pendekezo lilipotea. Sheria ya Marekani, kifungu cha 1130 cha Title 10 (sehemu ya sheria zinazohusu majeshi), inaruhusu ombi lililochelewa lipitie kwa seneta au mbunge wako wa Kongresi, akalipeleka jeshini lipimwe kwa uzito wake. Mbunge hapimi ushujaa, anafungua mlango tu. Kifurushi kinahitaji fomu ya pendekezo, kwa Jeshi la Nchi Kavu DA 638, maelezo ya tukio, rasimu ya tamko la nishani, na viapo vya walioona kwa macho. Anayependekeza awe kamanda wa wakati ule au mtu aliyeshuhudia. Mwenyewe kujipendekeza hakupokelewi. Mlango huu ni wa haki, lakini ni mzito, na mashahidi wakishafariki unakuwa mzito zaidi. Mwenye mashahidi hai aanze leo.

Bodi ya marekebisho ya rekodi ndiyo mlango wa mwisho, kwa fomu DD 149. Jeshi la Nchi Kavu lina yake, Jeshi la Majini na Marine wanatumia moja, Jeshi la Anga na la Anga za Juu nyingine, na Walinzi wa Pwani wana yao. Wajumbe ni raia, si maafisa wenye sare. Muda wa kuomba ni miaka mitatu tangu ulipogundua kosa, lakini bodi inaweza kuusamehe kwa ajili ya haki, na husamehe mara nyingi ushahidi ukiwa mzuri. Eleza kwa sentensi mbili kwa nini umechelewa. Usitumie DD 293. Hiyo ni ya kuomba kubadilishiwa aina ya kuachishwa jeshi.

Ombi liandikwe kama agizo kwa karani: "Kwenye kisanduku cha 13 cha DD 214 yangu ya tarehe fulani iongezwe Purple Heart, kwa jeraha la tarehe fulani, mahali fulani, nikiwa kombania fulani. Tazama viambatisho A hadi D." Kurasa kumi za uchungu bila tarehe hazisaidii. Bodi huanza kwa kudhani kwamba jeshi lilifanya kazi yake sawasawa, na ni juu yako kuonyesha kwamba uwezekano mkubwa ni kinyume. Tia sahihi, fomu isiyo na sahihi hurudishwa. Tuma nakala, asili baki nazo. Kwa marehemu, ambatisha cheti cha kifo na uthibitisho wa undugu. Na ukija hapa kabla ya kupitia ofisi ya nishani, utarudishwa huko baada ya miezi ya kusubiri, na hili ndilo kosa linalopoteza muda wa watu wengi zaidi.

Kasi ndiyo inayoishushia bodi alama. Sheria inataka asilimia 90 ya maombi yaamuliwe ndani ya miezi 10, na hakuna linalopaswa kupita miezi 18. Kwa mzee wa miaka 80 hiyo ni muda mrefu mno. Ikikataa, hutoa sababu kwa maandishi, na sababu hizo zinakuambia hasa karatasi gani ilikosekana. Ukiipata, bodi inalazimika kulitazama ombi upya kwa ushahidi ambao haikuuona mwanzo.

Wakili si lazima kwa pengo la kawaida. Mashirika ya wanajeshi wa zamani kama American Legion, VFW na DAV husaidia kujaza fomu bila malipo. Wakili anafaa pale amri zinapogongana au kesi inapokaribia mahakama ya shirikisho.

DD 215 ikifika, isome herufi kwa herufi, hasa tahajia ya jina na idadi ya nyota, kabla ya kuifungia. Peleka nakala VA mwenyewe, kwani si busara kutegemea kwamba ofisi hizo zitaarifiana. Kisha omba nishani zenyewe kwa SF 180. Zinatumwa bila malipo kwa mwanajeshi, na kwa mjane asiyeolewa tena, mtoto, mzazi au ndugu wa marehemu.