Uzoefu wangu: fundi wa slaidi na bolti yake isiyokatika

“Dada, wewe kazi yako ni kubonyeza swichi.”

Maneno hayo nimekaa nayo moyoni miezi kadhaa sasa. Fundi akichelewa, namsamehe. Akinikanyagia zulia na viatu vya tope, nafuta nanyamaza. Lakini mtu anilalie chini ya gari langu mwenyewe, nimuulize swali la maana, anijibu hivyo hata kichwa hajatoa nje? Hapana.

Nianzie mbali kidogo, maana kuna ambao hawajawahi kulala kwenye gari la kuishi. Haya magari yana kipande cha ukuta ambacho, pamoja na sakafu yake, kochi na kabati, husukumwa nje mkishaegesha ili ndani mpate pa kupumulia, kisha huvutwa ndani mkitaka kuondoka. Ndiyo slaidi. Inatoka kama mtoto wa meza, na sisi nyumbani tumeizoea kwa jina hilohilo: mtoto ametoka, mtoto amelala, mtoto funga tuondoke. Asubuhi hiyo mtoto aligoma.

Nilikuwa nimebonyeza swichi ya kuvuta ndani. Nikasikia “tak!”, mlio mkavu kama mtu amevunja kijiti cha kuni. Upande wa mbele ukaendelea kuingia, upande wa nyuma ukabaki palepale. Ilipofika kama shubiri moja ya tofauti nikaachia swichi. Naomba hili likumbukwe: niliachia. Wapo wanaoendelea kubonyeza wakiamini chuma kitaona aibu kitii, na hao ndio wanaopasua ukuta. Mimi niliachia, nikachukua tochi, nikalala chini nikachungulia.

Kwa mfumo wetu, chini ya sakafu kuna reli mbili zenye meno, moja mbele, moja nyuma. Mota iko upande mmoja tu. Inazungusha gia ya upande wake, halafu shafti ndefu inavuka kupeleka nguvu kwa gia ya upande wa pili. Kwenye kiungo cha shafti hiyo kuna pini ndogo, nene kama penseli. Ile pini ilikuwa imekatika katikati. Shafti ilizunguka, gia ya nyuma haikupata habari.

Betri nilikuwa nimeshaipima kabla ya kumpigia simu mtu yeyote: volti 12.6, imejaa. Nilitaka kuwa na hakika, kwa sababu betri ikiwa dhaifu mota inavuta kwa taabu na ukifika kwa mafundi jambo la kwanza ni kukuambia kachaji. Nikapima, nikaandika kwenye karatasi. Karatasi yenyewe hakuitazama.

Huyu ni fundi wa kukufuata ulipo, siyo wa gereji. Jina simtaji, la kampuni yake silitaji. Alifika siku ya pili yake, na usiku wa katikati mvua ilikuwa imenyesha ya kutosha. Slaidi ikikaa kombo, ile mipira ya kuziba pembeni haigusani na ukuta, kwa hiyo maji yaliingia, na nililala nikikinga kwa taulo na sufuria. Pengine hasira nyingine zilitoka huko, sikatai.

Akaingia chini. Nikasikia nyundo, nikasikia drili. Nilipoinama nikamwona anatoboa tundu la kile kiungo kulipanua. Nikamuuliza, “Fundi, mbona unapanua? Na hiyo pini imekatwa na nini?”

“Imechoka tu.”

“Imechokaje ghafla? Kitu gani kilikuwa kinaikaza?”

Ndipo akanijibu ile ya swichi. Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayekupa zawadi: “Nimekuwekea bolti ngumu kabisa. Hii haikatiki mpaka Kiyama.”

Sasa hapa ndipo ninapotaka kila mwenye gari la aina hii asimame kidogo. Ile pini haikuwa imekosewa kutengenezwa. Iliwekwa ya chuma laini ikatike. Ni fyuzi, ila ya chuma. Slaidi ikikwama mahali, mota haijui. Yenyewe inazidi kusukuma. Lazima kuwe na kitu cha kukata nguvu hiyo, na aliyebuni mfumo akachagua kitu kidogo kuliko vyote, ambacho unakibadilisha kwa dakika chache na spana mbili. Ukitoa pini laini ukaweka bolti ngumu ni sawa na yule anayetoa fyuzi akachomeka msumari, taa zikawaka, akashangiliwa. Kitu lazima kikatike siku moja. Bolti ikikataa, zamu ni ya meno ya gia. Gia ikikataa, ni ya mabano ya reli. Mabano yakikataa, ni ya sakafu.

Siku hiyo nilikuwa naijua habari hii nusunusu, ya kusomasoma. Nilijua vya kutosha kuuliza, sikujua vya kutosha kubishana. Na mtu akikuambia kazi yako ni swichi mbele ya watu wako, ile nusu unayoijua nayo inakimbia.

Nimtendee haki. Kuirudisha slaidi kwenye mstari aliifanya vizuri mno. Hakutumia mota hata kidogo. Alifungua breki ya mota, akaweka spana, akawa anaizungusha kidogokidogo, anatoka, anapima kwa futi kona ya juu na kona ya chini, mbele na nyuma, anarudi chini. Saa nzima ya kupima. Pia ndiye aliyenizuia kupaka grisi kwenye meno ya reli, nilikuwa nimeshika kopo mkononi. Akasema grisi inakamata mchanga, mchanga na grisi ni msasa, meno yanalika. Weka mafuta yale ya kupuliza yanayokauka, na kwenye mipira ya kuziba weka silikoni, usiweke mafuta ya petroli yataioza. Yote kweli. Mtu anayejua hayo anawezaje kuweka bolti ya namna ile? Hilo ndilo linaloniudhi kuliko angekuwa mjinga. Mjinga ningemsahau.

Basi, tukakaa wiki kadhaa. Mtoto akatoka, akaingia. Mlio ulikuwepo, kama mkwaruzo, upande wa nyuma, nikajiambia ni masikio yangu.

Halafu siku moja tunafunga vitu, swichi ikabonyezwa, na mguu wa kiti cha kukunja ulikuwa umebaki kati ya kochi na kabati la upande wa pili. Nani alikiacha hapo? Tuseme mtu wa familia. Tuseme pia kwamba mwenye kubonyeza swichi angetakiwa kukagua njia kwanza, na mwenye kubonyeza swichi, kama mnavyokumbuka, ndiyo kazi yangu. Sawa. Kiti ni kosa letu.

Lakini kiti kile na pini ya asili vingekutana ingekuwa “tak!” nyingine, na pini nyingine. Badala yake nilisikia sauti ambayo sijui niifananishe na nini. Karanga zinasagwa kwenye jiwe, labda, ila karanga za chuma. Nilipoachia swichi, kiti kilikuwa kimepinda kama ndoana, na chini gia ya nyuma ilikuwa imenyolewa. Meno matatu hayapo, mengine yamelala. Bano linaloshika reli limepinda, na kwenye ule mshono wa kulehemu kuna ufa unaoweza kuingiza ukucha. Na bolti? Inang’aa. Haina hata mkwaruzo. Kichwani pana namba 10.9, ambayo ni namba ya bolti za kushikilia vitu visivyotakiwa kuachana abadani. Alisema kweli, haikatiki mpaka Kiyama. Kiyama kilikuja na bolti ikabaki.

Nilimpigia simu. Sitaandika niliyoyasema. Nilikuwa nimeshapanga kumpa nyota moja, na maelezo ya kutosha kumfungia duka.

Akaja kesho yake asubuhi na mapema, mapema kuliko alivyoahidi, jambo ambalo liliniudhi pia kwa sababu nilikuwa bado napanga maneno. Akakitazama kiti. Akasema, “Kiti hiki.” Nikasema, “Kiti ndiyo. Pini iko wapi?” Hakujibu. Akaingia chini, akakaa humo kimya muda mrefu, mpaka nikainama kuona kama amelala.

Kisha akatoa gunia kwenye mkoba wake, akalitandika kando yake. “Dada, njoo uone hapa.”

Nikalala juu ya gunia. Akamulika ile roli ya nyuma, gurudumu dogo ambalo slaidi inateleza juu yake. Ilikuwa haizunguki. Upande mmoja umelika ukawa bapa kama sabuni ya mwisho mwisho, na juu yake, kwenye uso wa chini wa sakafu, ilikuwa imechimba mfereji mrefu. Kumbe tangu mwanzo slaidi haikuwa inateleza upande ule, ilikuwa inaburutwa. Mota ikivuta, upande wa mbele mwepesi, upande wa nyuma mzito, na pini katikati inabeba tofauti yote. Kila kutoka, kila kuingia. Ndiyo iliyoichosha. Swali langu la siku ya kwanza lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa mkono mmoja kutoka pale alipokuwa amelala akiniambia habari za swichi.

Nilitaka kulisema hilo. Nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini alishalisema yeye, kwa namna yake: “Hii ningeiona siku ile kama ningeitafuta.”

Mtu akikuambia hivyo, hasira unaiweka wapi?

Kazi ya mara ya pili ilichukua siku mbili, kwa kuwa gia na bano vilibidi viletwe. Alibadilisha gia zote mbili, ya mbele na ya nyuma, akasema gia mpya ikishirikiana na iliyolika hazitembei hatua moja, slaidi itarudi kombo. Ile roli akaing’oa na mwenzake wa mbele pia. Kiungo cha shafti kilibidi kitupwe, maana tundu alishalipanua mwenyewe na pini ya kipimo chake ingecheza ndani. Bano alilifunga jipya, na ule mfereji wa sakafu akaufunika kwa bamba jembamba ili roli ipate pa kupita. Alifanya kazi mpaka giza na taa kichwani. Na kila hatua aliniita. Dada njoo uone. Dada shika hapa. Dada soma hiyo namba. Ilifika mahali nikachoka, nikatamani anirudishie kazi yangu ya swichi.

Pini aliniletea sita. Moja akaifunga, tano akanipa kwenye mfuko. Akanionyesha pa kuziingizia na jinsi ya kutoa kipande kilichobaki ndani kwa msumari butu.

Je, aliomba msamaha? Hakuomba. Neno samahani halikutoka, na mimi ni mtu ninayeyahesabu. Gharama ya gia na bano aliibeba yeye bila kuambiwa, hilo naliandika ili lijulikane. Ila kuna watu wangetaka kujua kama ningemwita tena, na hapo ndipo ninaposita. Kwa mikono yake, ndiyo, hata usiku. Kwa mdomo wake, niache nifikirie. Na kama ningekuwa mtu asiyejua hata ile nusu, asiyepiga simu ya hasira, ile bolti ingekuwa bado imo humo, na meno yanaendelea kusagika taratibu, na lawama ni ya kiti.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na nyota moja. Nimefika hapa nimepandisha mpaka nne, kisha nikasoma tena mstari wa kwanza nikashusha moja. Iwe tatu. Jamaa zangu wanasema nimekuwa mkali, wengine wanasema nimenunuliwa kwa pini tano.

Alipokuwa anakusanya vyombo vyake alinishika mkono, akaniwekea ile bolti kiganjani, akafunga vidole vyangu juu yake, akaondoka. Hakusema kitu. Nimeiweka kwenye kikombe ndani ya kabati la slaidi. Mtoto akianza kutoka, inagonga kikombe, ting, ting, mpaka afike mwisho.