miniSASS mikononi mwa wanafunzi na wakulima wa Uluguru: nyota nne

Kama uko kwenye jumuiya ya watumia maji, au unalea klabu ya mazingira shuleni kama mimi, kitafute kipimo hiki cha afya ya mto, kinachosoma hali ya maji kwa kutazama viumbe wadogo wanaoishi humo. Nakipa nyota nne, na ile ya tano nitaeleza imekwenda wapi.

miniSASS imetoka Afrika Kusini, kwa watu wa GroundTruth wa KwaZulu-Natal, ambao walichukua kipimo cha wataalamu wa mito wa nchi yao wakakirahisisha ili mwananchi akiweze. Tanzania nayo ina kipimo chake, TARISS, kilichochapishwa mwaka 2015, lakini hicho kinamtaka mtu aliyesomea wadudu wa majini. miniSASS haitaki maabara wala kemikali. Unaingia penye maji yanayotembea, unavuruga mawe kwa miguu huku umetega wavu, unamwaga ulichopata kwenye beseni jeupe na kusubiri tope litulie. Wanaoanza kutambaa ndio wenye majibu.

Viumbe wamegawanywa makundi 13, kila kundi na alama yake. Wanaovumilia uchafu wana alama ndogo: minyoo 2, ruba 2, mabuu ya inzi na mbu 2. Kaa ana 6, mtoto wa kereng'ende 6. Yule anayejijengea nyumba ya mchanga na vijiti ana 9. Wa juu kabisa ni mdudu bapa mwenye mikia miwili anayejificha chini ya mawe. Ana 17, kwa sababu maji yakipungukiwa hewa yeye ndiye wa kwanza kutoweka. Unajumlisha alama za makundi uliyoyaona, unagawa kwa idadi ya makundi. Hesabu ya darasa la tano. Mto wa mawe una ngazi zake za matokeo na mto wa mchanga zake, kwa hiyo angalieni hilo kabla ya kutangaza lolote.

Kijito chetu kinashuka Uluguru na kuishia Bwawa la Mindu, ambalo mji wa Morogoro unalitegemea kwa maji. Juu, msitu unapoishia, watoto walipata makundi sita, jumla 54, wastani 9. Chini ya bustani za mboga na tanuri la matofali walipata makundi matano: minyoo, ruba, mabuu, konokono na mende wa majini. Jumla 15, wastani 3. Maji yale yale, mwendo wa miguu usiofika saa nzima.

Hapo ndipo nilipokipenda. Kwenye mikutano ya jumuiya tumeimba mita 60 za sheria ya mazingira ya 2004, zile ambazo mtu hatakiwi kulima ndani yake kando ya mto, mpaka sauti zimekauka, na mzee mmoja mwenye bustani ya kabichi alikuwa akijibu kila mara kwamba babu yake alilima pale pale. Safari hii binti wa darasa la sita alimwekea mabeseni mawili mbele yake. "Babu, hawa tumewatoa kule juu. Hawa ni wa hapa kwako." Mzee aliinama akatazama kwa muda mrefu. Akasema wale wenye mikia miwili alikuwa akiwaona hapo hapo utotoni, akifunua mawe kutafuta kaa. Kisha akauliza: "Sasa mwalimu, hapa kwangu tumepata divisheni ngapi?" Nilimwambia ukweli. Msimu uliofuata aliacha ukanda kando ya maji akapanda mabingobingo, ambayo ng'ombe wake wanayala.

Nyota iliyopungua ni hii: kipimo hakioni vijidudu vya magonjwa. Wastani wa 9 hausemi maji ni salama kunywa, na mtoto akishaona mto umefaulu, wa kwanza kuinama na kunywa ni yeye. Semeni hilo kabla hamjalowesha miguu, na mlirudie. Pia hakifai bwawani wala kwenye maji yaliyotuama, hivyo Mindu yenyewe hatuwezi kuipima. Mvua kubwa ikinyesha, subirini, kwa kuwa mafuriko huwazoa wadudu wote, wa maji safi na wa maji machafu.

Lipo pia bomba la kupima uwazi wa maji, la plastiki, urefu wa mita moja. Unalijaza na kusogeza kisahani cheusi kwa sumaku mpaka kipotee machoni, kisha unasoma sentimita. Linaonyesha udongo unaotoka mashambani vizuri sana, lakini fedha zikiwa chache msianze nalo. Wavu wetu tuliushona kwa chandarua kilichochakaa na waya, na mpaka leo unafanya kazi. Chagueni sehemu mbili, moja juu ya shughuli za watu na moja chini yake, mrudi hapo hapo kila kiangazi. Na siku ya kwanza mwalikeni ofisa wa bodi ya maji ya bonde lenu, ayaone mabeseni kwa macho yake kabla hamjampelekea barua.