Klachi mbovu, mkufunzi mwenye dharau: uzoefu wangu wa kuanza trayali

Nimechelewa kuandika haya kwa kuwa nilitaka hasira ipoe kwanza. Haijapoa, na yeyote anayefikiria kujiandikisha kwenye mafunzo ya siku moja ya pikipiki za trayali kwa wanaoanza ana haki ya kujua yaliyonipata kabla hajatoa fedha yake. Nilijiandikisha miezi kadhaa iliyopita katika kituo ambacho jina lake nitalihifadhi. Wao wanakupa pikipiki, kofia ngumu, viatu virefu na mkufunzi. Vifaa vilikuwa safi, uwanja ulikuwa mzuri, na kamba ya kuzimia injini, ile inayofungwa kwenye kifundo cha mkono ili ukianguka injini izime yenyewe, ilikaguliwa kwa kila mmoja wetu. Hata upepo wa matairi waliupima mbele ya macho yetu, jambo ambalo mtu aliyezoea pikipiki ya barabarani anahitaji kuliona ili aamini, kwani tairi la nyuma la trayali hutiwa psi 4 au 5 tu ili lilale na kung'ang'ania jiwe. Hayo yote nayakubali bila kinyongo. Kilichoniharibia siku ni klachi, ile ambayo ukiibana inapaswa kukata nguvu ya injini isifike gurudumuni.

Kwa asiyeujua mchezo huu, trayali si mbio. Unapita kwenye kipande kifupi kilichowekewa alama, chenye mawe, magogo, kingo au kijito, ukiwa umesimama juu ya vikanyagio muda wote, huku mwangalizi akihesabu kila mara unapoweka mguu chini. Ukigusa mara moja unaandikiwa pointi 1, mara mbili 2, mara tatu au zaidi 3, na ukishindwa kumaliza kipande unaandikiwa 5. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Mwendo wake ni wa mtu anayetembea, pengine hata chini ya hapo, na kwa kuwa injini peke yake haiwezi kwenda taratibu kiasi hicho bila kuzima, kazi yote inabebwa na kidole kimoja kilichokaa kwenye leva ya klachi, kikiachia kidogo na kubana kidogo. Ndiyo maana mafunzo ya maana huanzia kwenye ardhi tambarare, kwa kuzunguka duara dogo na kuchora namba nane, pikipiki ikilazwa upande wa ndani na mwili ukibaki nje. Mwanafunzi asipoipata klachi yake pale kwenye tambarare, jiwe halina haja naye.

Pikipiki niliyopewa mimi ilikuwa inatembea huku klachi imebanwa, na sisemi hivi kwa kutia chumvi. Nilibana leva mpaka ikagusa mpini, nikaingiza gia ya kwanza, ikaruka mbele kwa mshtuko, kisha ikaendelea kunivuta taratibu kama mbuzi aliyeona majani ng'ambo ya kamba. Nikishika breki ili isimame, injini inazima. Kupata frii wakati injini inawaka kulinishinda kabisa, ikabidi kila mara niizime kwanza, niisukume mbele na nyuma, ndipo gia itoke. Leva yenyewe ilikuwa tupu kwa sehemu kubwa ya safari yake, ikaanza kushika pale inapokaribia kugusa mpini. Nikiibana mara mbili tatu kwa haraka ilikuwa inapata nguvu kidogo, halafu baada ya muda mfupi inalegea tena. Aliyewahi kumiliki klachi ya haidroliki, yaani inayosukumwa na mafuta badala ya kuvutwa na waya, atatambua mara moja kwamba hizo ni dalili za hewa iliyoingia kwenye mfumo, na kuitoa hewa hiyo si kazi ya kumtoa fundi jasho.

Nilimwita mkufunzi, kijana wa rika la watoto wangu, nikamweleza kwa utulivu. Hakushuka kwenye pikipiki yake. Alinitazama akasema, kwa sauti ambayo kundi zima liliisikia, "Mzee, klachi haina shida. Shida ni mkono wako. Hizi si pikipiki za kuendea sokoni." Wawili watatu wakacheka. Nikamwomba aipande mwenyewe, azunguke duara moja tu, kisha aniambie. Akajibu kwamba akianza kupanda pikipiki ya kila mtu jua litazama hatujafanya kitu.

Na hapa ndipo ninaposhindwa kumsamehe. Mtu huyo huyo, asubuhi ile ile, alitusimamisha kwa muda mrefu akitusimulia jinsi Sammy Miller alivyoshinda mashindano ya siku sita ya Scotland mwaka 1965 akiwa juu ya Bultaco nyepesi ya stroki mbili, na jinsi pikipiki nzito za stroki nne zilivyoanza kupoteza nafasi yake tangu hapo. Alitusimulia habari za Toni Bou wa Hispania, aliyechukua ubingwa wa dunia kila mwaka kuanzia 2007 hadi 2024. Ni historia tamu, niliisikiliza kwa furaha, na sikuona ubaya wowote. Lakini aliyekuwa na muda wa kuzungumzia klachi za mabingwa alikosa dakika moja ya kugusa klachi ya mwanafunzi aliyesimama mbele yake akiwa amemlipa.

Mchana tulipelekwa kwenye kipande cha kwanza, chenye kona mbili kali na gogo jembamba. Kanuni inasema kwamba injini ikizima huku mguu wako uko chini, umeshindwa kipande. Ninaikubali kanuni hiyo kwa moyo wote, kwani bila ukali huo mchezo huu usingekuwa na maana. Lakini kila nilipofika kwenye kona ya kwanza na kupunguza mwendo, pikipiki ilinisukuma kuelekea kwenye alama, nikashika breki, injini ikazima, mguu ukashuka, naye akapaza sauti, "Tano!" Nikarudi nyuma, nikapiga kiki, nikajaribu upya, na sauti ikawa ile ile. Alikuwa akiniandikia mimi pointi za pikipiki yake, mbele ya watu. Niliondoka jioni nikiwa nimeshaamua kwamba mchezo huu si wangu, na nikawaambia nyumbani kwamba nimemalizana nao. Fikiria ni wangapi wameondoka pale na uamuzi kama wangu, wakiamini kwamba mikono yao ndiyo mibovu.

Nilichokusudia kuandika awali ni onyo kwamba mtu mzima asijisumbue na trayali. Siwezi tena kuandika hivyo. Wiki kadhaa baadaye nilikutana na mama mmoja ambaye amekuwa mwangalizi wa mashindano kwa miaka mingi. Nilipomsimulia hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Ukiibana, ilikuwa inasimama?" Nikasema hapana. Akaniambia, "Basi ndugu yangu, bado hujafundishwa kitu," akanipa pikipiki yake.

Niliweka gia, nikabana kwa kidole kimoja, ikasimama tuli huku injini ikinguruma chini yangu. Nilizunguka duara langu la kwanza lililokamilika bila kuweka mguu chini, na sijui niieleze vipi furaha ile. Baadaye akanionyesha jiwe la kufika magotini, akanielekeza nikunje magoti, niachie klachi kidogo gurudumu la mbele linapogusa, kisha nisimame wima na kuiacha pikipiki ipande chini yangu. Niliona tairi la nyuma likibonyea na kushika jiwe, nikasikia injini ikishuka sauti bila kuzima, nami nikawa juu. Huu ni mchezo mzuri kuliko wowote niliowahi kuugusa, na hauulizi umri.

Ni mama huyo aliyenieleza kwamba baadhi ya klachi hizi hutumia oili ya madini na nyingine hutumia mafuta ya breki, na kwamba anayezijaza bila kutazama huvimbisha mipira ya ndani mpaka mfumo wote unaharibika. Sasa najiuliza pikipiki za kituo kile hujazwa na nani, na kwa kutazama nini.

Kituo waliniandikia baada ya malalamiko yangu wakanipa siku nyingine bila malipo. Niliwajibu kwamba nitakuja kwa masharti mawili: mkufunzi aipande kila pikipiki kabla ya kumkabidhi mwanafunzi, na aniambie mbele ya kundi lile lile, au lolote lile, kwamba mkono wangu haukuwa na kosa. Hawajajibu. Uwanja wao ningeupa nyota nne, na kwa siku tulivu ningefikia hata kusema kwamba nendeni, ila mjaribu klachi wenyewe kabla ya kusaini karatasi yao. Leo si siku tulivu. Natoa nyota moja, na mpaka watakaponijibu itabaki moja.